Kabla ya kupima mate ili kujua hatari ya meno kutoboka

Hakuna mdudu anayetoboa jino. Linaliwa na asidi, na asidi hiyo hutengenezwa na bakteria walio kwenye utando unaonata juu ya meno, hasa Streptococcus mutans. Sukari ikiingia mdomoni nao wanakula, na ndani ya dakika chache pH ya utando (kipimo cha asidi, kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) hushuka chini ya 5.5. Hapo enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza kalisi na fosfeti. Mate huhitaji kama dakika 30 hadi 60 kurudisha hali, kwa hiyo soda moja inayonywewa funda kwa funda mchana kutwa huumiza meno kuliko ile inayomalizwa wakati wa mlo.

Vipimo vya mate viko viwili. Cha kwanza ni cha wingi wake: unatafuna kipande cha nta isiyo na ladha kwa dakika 5, mate yote unayatema kwenye kikombe chenye alama za mililita, kisha unagawa kwa 5. Povu lisihesabiwe, ndilo linalodanganya wengi. Mililita 1 au zaidi kwa dakika ni sawa, chini ya 0.7 ni machache.

Cha pili huhesabu bakteria. Mate humwagwa juu ya kijibao chenye chakula cha kuwaotesha, kikafungwa na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 48. Vidoa vilivyoota hulinganishwa na picha za mfano. Bakteria hao wakifika 100,000 kwa mililita, hatari ni kubwa.

Usile, usipige mswaki wala kuvuta sigara saa nzima kabla ya kupimwa. Kama umemeza antibiotiki, subiri wiki mbili, la sivyo bakteria wataonekana wachache kuliko walivyo. Dawa ya kusukutua inayoua bakteria nayo hupotosha, kwa hiyo mwambie mpimaji.

Kipimo hakionyeshi tundu, na mtu mwenye bakteria wengi anaweza kuwa na meno mazima. Sisi huyaamini zaidi meno yenyewe: aliyewahi kutoboka ndiye wa kuangaliwa kwanza. Kausha jino, tazama karibu na ufizi. Doa jeupe kama chaki, lisilong'aa, bado laweza kurudishiwa madini kwa dawa ya meno yenye floridi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 hadi 1,500, mara mbili kwa siku. Tema povu, usisukutue kwa maji. Uso wa doa ukishabomoka, hapo ni kuziba.