Santuri ya kaka na maji ya Mississippi

Mmetuuliza wiki hii: ni wimbo gani wa ujana wako usioweza kuuacha, na je, unaupenda wimbo wenyewe au unaupenda ule ujana?

Wangu ni "When the Levee Breaks", yaani tuta la kuzuia maji litakapobomoka, wa bendi ya Led Zeppelin, wa mwaka 1971. Najua mzee wa Moshi mlitarajia ataje Morogoro Jazz. Mbaraka Mwinshehe nampenda, tena sana, lakini yeye alikuwa wa kila mtu, redio ya taifa ilitushibisha. Hawa Waingereza walikuwa wa chumbani kwa kaka yangu tu, Majengo, kwenye santuri iliyotoka Nairobi. Maneno hatukuyashika. Tulifuata ngoma za John Bonham, zilizorekodiwa penye ngazi za jumba la zamani, maikrofoni zikining'inizwa juu yake. Mama mwenye nyumba alikuwa akigonga ukuta tupunguze.

Basi wakati ule niliupenda ujana. Wimbo nimekuja kuupenda uzeeni, mjukuu aliponitafutia asili yake kwenye simu. Aliurekodi kwanza Kansas Joe McCoy, mwanamuziki mweusi wa Marekani, mwaka 1929, mkewe Memphis Minnie akipiga naye gitaa. Magitaa mawili na sauti, basi. Ni blues hasa, muziki wa watu weusi wa kule: mstari unaimbwa, unarudiwa, wa tatu unaujibu. Wanaimba mafuriko ya mto Mississippi ya 1927, yaliyowatoa makwao watu zaidi ya 600,000. Kuna sehemu watu weusi, vibarua wa mashamba ya pamba, walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kupanga magunia ya mchanga juu ya matuta ya kuzuia maji.

Mimi nimekulia tambarare, upande wa Kahe. Mvua inanyesha mlimani, huku kwetu jua linawaka, halafu usiku unashtuka godoro linaelea. Kwa hiyo nilipousikia ule wa 1929 sikushangaa kwamba gitaa la Minnie linachezacheza huku maneno yanalia. Shangazi zangu walikuwa hivyohivyo: wanachota matope ndani kwa sufuria, wanataniana mpaka wanakaa chini kwa kicheko, na mahindi yote yameshaoza shambani.

Led Zeppelin waliandika jina la Memphis Minnie pamoja na yao kwenye santuri, nawapa heko. Haikuwa desturi yao, maana Willie Dixon, mtunzi wa blues, ilibidi awashtaki mwaka 1985 akidai wimbo wao "Whole Lotta Love" umechukua kazi yake, na yakamalizwa kwa maelewano 1987. Hilo limewashusha kidogo machoni pangu. Kidogo tu.

Mjukuu anaona nasikiliza muziki wa wazungu, kwa hiyo siku hizi namwekea Minnie na Joe kwanza, kisha Bonham. Anasema huo wa pili ndio mtamu. Nambishia, ingawa kwenye spika kubwa ana hoja.