Maswali na Majibu: Muziki wa Kwenye Takisi, Kadi Bandia na Masikio Yenu

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wa hapa Uganda wanaopanda takisi, yaani zile basi ndogo za abiria, asubuhi na jioni, wanaotaka kifaa kidogo cha kusikilizia muziki, mahubiri au mawaidha njiani. Nyingi zinauliza kuhusu nambari zilizoandikwa kwenye boksi. Nambari hizo ndizo zinazowalia pesa. Mtaniona narudi kwenye neno lile lile: eafoni kwanza, mashine baadaye.

Muuzaji mmoja wa William Street, Kampala, ananiambia MP5 imeishinda MP4, na kwamba MP3 imeshapitwa na wakati. Ninunue ipi? (Kireka)

Swali hili haliishi kuja, na jibu lake halijabadilika. MP3 ni njia ya kubana faili ya sauti. MP4 ni namna ya kuweka sauti na picha katika faili moja. MP5 haipo, ni maandishi ya boksi tu. Usiongeze hata shilingi mia kwa ajili yake.

Na nyinyi mnaotaka kutazama njiani filamu za ma-VJ, wale wanaotafsiri filamu kwa sauti zao, sikilizeni kabla hamjatoa pesa. Vile vifaa vya bei rahisi vyenye skrini ya inchi mbili, vinavyoitwa MP4, vingi haviwezi kucheza filamu uliyowekewa kwenye flashi pale laibrari, kwenye duka la filamu. Vinataka kwanza uigeuze kwenye kompyuta iwe faili ya AMV au aina nyingine ya ajabu, tena kwa picha ndogo ambayo huoni hata sura ya mtu. Filamu itazameni kwenye simu, mkiwa nyumbani.

Nina simu nzuri tu. Kwa nini nibebe kifaa cha pili? (Mukono)

Kama unakaa mbali na dirisha, nyimbo umeshazipakua na betri inakufikisha usiku, usibebe. Sina sababu ya kukusukuma ununue usichokihitaji.

Lakini fikiria njia yako. Unapita Seeta, Namanve, Bweyogerere, Kireka, Banda, unafika Nakawa, na karibu kila mahali hapo pana jamu yake. Dirisha la takisi liko wazi kwa sababu ya joto, gari limesimama, na wewe umeinua simu kifuani unatafuta wimbo. Mkono unaingia dirishani, simu inakwenda, na kabla hujamwita kondakta kijana ameshapotea katikati ya boda boda. Ndani ya simu ile mna pesa zako, namba za watu wako wote, picha za watoto na mambo ya kazini. Kifaa cha muziki kikiporwa umepoteza nyimbo, na nyimbo una nakala yake nyumbani. Kwangu hii ndiyo sababu ya kwanza ya kununua kifaa cha mp3, na ingetosha hata kama zingine zisingekuwepo.

Kuna bando pia. Ukisikiliza muziki moja kwa moja kutoka intaneti kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 160 kwa sekunde, saa moja inakula karibu MB 72. Saa mbili kwa siku kwa siku zako za kazi ni kama GB 3 kwa mwezi, na kila bando unalonunua lina kodi ya asilimia 12 ndani yake tangu Julai 2021, ilipofutwa ile ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Faili iliyo kwenye kadi umeilipia mara moja tu.

Na umeme ukikatika jioni, simu ndiyo tochi, ndiyo saa ya kukuamsha, ndiyo ya kupokelea habari za mgonjwa. Usiimalize kwa muziki.

Nimepata kadi ya memori ya GB 512 kwa bei nafuu sana karibu na Old Taxi Park. Nyimbo zinaonekana majina lakini nyingi hazifunguki. Kifaa changu kimeharibika? (Nansana)

Kifaa chako ni kizima. Kadi ni bandia, na hapa naomba wote msome, hata wasiouliza.

Kadi hizi hutengenezwa kwa chipu ndogo, pengine ya GB 8, kisha inapangwa ijitangaze kwa kompyuta na simu kuwa ni GB 512. Nyimbo za mwanzo zinaingia sawasawa na zinacheza sawasawa, ndiyo maana muuzaji anakuchezea wimbo mmoja mbele yako na wewe unaridhika. Chipu ikishajaa, nyimbo mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani au zinapotea kabisa. Majina yanabaki kwenye orodha, nyimbo zenyewe hazipo. Ukiweka humo picha za arusi au faili za kazi, zimekwenda hivyo hivyo na hazirudi.

Kuna programu ya bure ya Windows ya kupima kadi inayoitwa H2testw, na ya Linux na Mac inaitwa F3. Inajaza kadi nzima mpaka pomoni, kisha inasoma kila kitu ilichoandika na kukuambia ni kiasi gani kimerudi kama kilivyoingia. Kadi kubwa inaweza kuchukua saa nyingi, kwa hiyo iache usiku. Huna kompyuta? Ijaze kadi kwa faili hadi ikatae, halafu cheza za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zikigoma, irudishe siku hiyo hiyo. Na ndiyo maana nasema duka lisilotoa risiti usilinunulie kadi, hata muuzaji awe ndugu wa shemeji yako.

Zaidi ya hayo, GB 512 za nini? Vifaa vingi vidogo vya muziki mwisho wao ni kadi ya GB 32. Kadi za GB 64 na kuendelea huja zimepangwa kwa exFAT, namna mpya ya kupanga faili, na kifaa kinachoelewa ile ya zamani, FAT32, peke yake hakitaziona. GB 32 ya MP3 za kilobiti 128 ni zaidi ya saa 500 za muziki. Nunua GB 32 halali, na pesa inayobaki weka kwenye eafoni.

Eafoni gani haitoki sikioni nikiwa kwenye boda? (Wandegeya)

Hakuna ninayoweza kukutajia, kwa sababu kwenye boda hutakiwi kuvaa eafoni yoyote. Vaa helmeti. Na ukimwona mwendeshaji mwenyewe ameziba masikio, usipande. Hatasikia lori linalompigia honi nyuma, na wewe ndiye uliye mgongoni mwake. Hili linawahusu pia wanaovuka Jinja Road kwa miguu muziki ukiwalilia kichwani. Toa angalau sikio moja kabla hujashuka kwenye takisi.

FLAC au MP3? Rafiki yangu anasema MP3 ni takataka. (Jinja)

Rafiki yako anasikilizia wapi? FLAC ni njia nyingine ya kubana faili ya sauti; haipotezi chochote cha sauti ya asili, na kwa kuhifadhi nyumbani ni nzuri mno. Lakini ndani ya takisi yenye injini inayounguruma, redio ya dereva na kondakta anayeita abiria, MP3 ya kilobiti 256 au 320 hutaitofautisha nayo, na FLAC inakula nafasi mara mbili hadi tatu. Tofauti utakayoisikia kweli italetwa na eafoni inayokaa vizuri sikioni.

Na mnaogeuza MP3 za kilobiti 128 kuwa FLAC ili "ziongezeke ubora", acheni. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi, faili inanenepa tu.

Waya au Bluetooth? Na kwa nini redio haishiki nikitumia eafoni za Bluetooth? (Entebbe)

Nianze na redio. Katika vifaa hivi, waya wa eafoni ndio antena ya FM. Bila waya hakuna antena, na kifaa kitakuambia uchomeke eafoni au kitakupa mvumo mtupu. Kama unapenda taarifa ya habari ya asubuhi njiani, suala limekwisha: nunua yenye tundu la milimita 3.5 na utumie waya.

Bluetooth ina raha yake, hakuna waya wa kunasa kwenye begi la jirani. Ila unabeba kitu cha pili cha kuchaji, na vile viwili visivyo na waya vikidondoka chini ya kiti cha takisi iliyojaa, hutavipata. Kwa safari ya kila siku mimi nachagua waya, wenye mipira laini ya kuziba sikio. Boksi zuri huja na mipira ya saizi tatu. Jaribu zote tatu, na usishangae sikio la kushoto likitaka saizi tofauti na la kulia. Ukiivaa sawasawa, kelele za nje zinashuka hata kabla hujawasha muziki, na besi inakuja yenyewe.

Binti yangu yuko Senior Two na anakwenda shule kwa takisi. Muziki wake nausikia mimi niliyekaa kiti cha mbele yake. Nimnunulie kifaa chenye nguvu kidogo? (Mama wa Ntinda)

Mama, ahsante kwa barua hii. Ningependa kupata kumi kama hii kuliko mia za MP5.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa jumla ya saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto wameishusha hadi desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Watu wengi hawajui kwamba kila sauti inapopanda desibeli 3, muda ulioruhusiwa unakatwa nusu. Mtu mzima akifika desibeli 90 amebakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima, na mtoto saa moja na robo. Mtoto anayesafiri saa moja kwenda na saa moja kurudi kwa sauti hiyo anaumaliza muda wake Jumatatu hiyo hiyo. Ndani ya sikio mna chembe ndogo zenye vinyweleo zinazopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Haziumi zikifa. Unakuja kugundua baadaye, mlio hauondoki masikioni na mwalimu unamsikia nusunusu.

Kumnunulia kifaa dhaifu hakutasaidia sana. Kwanza uliza kwa nini anapandisha sauti. Anapandisha kwa sababu anashindana na injini na redio ya takisi, na eafoni zake, nadhani, ni zile za plastiki ngumu zinazoning'inia mlangoni mwa sikio bila kuziba chochote. Mnunulie zenye mipira, mkae pamoja mtafute saizi yake. Kelele ikizibwa, mwenyewe atashusha. Kisha nenda kwenye mipangilio ya kifaa, utafute kikomo cha sauti; vifaa vingi vinacho, vingine vinakifunga kwa namba ya siri. Mkiwa kwenye takisi mwambie neno la kawaida bila kupaza sauti. Asipokusikia, imezidi, na ashushe pale pale.

Akilalamika mlio masikioni baada ya kuvua eafoni, mpeleke akapimwe. Usingoje likizo.

Jirani anauza iPod ya zamani, anasema haifi. Nichukue? (Kyaliwajjala)

Apple ilianza kuuza iPod mwaka 2001 na Mei 2022 ikatangaza kuacha kuitengeneza. Kwa hiyo yoyote utakayopewa betri yake ni ya miaka mingi. Iwashe, icheze kwa nusu saa mbele yako uone betri inavyoshuka. Tena hutaweza kuburuta nyimbo kama kwenye flashi, utahitaji kompyuta yenye iTunes au programu inayofanana nayo. Huna kompyuta, iache. Na muulize aliipata wapi.

Dukani niangalie nini? Taja vitu, usinizungushe. (Mbale)

Nenda na kadi yako yenye nyimbo zako na eafoni zako. Weka kifaa mfukoni, kisha bila kukitazama ruka wimbo, shusha sauti, simamisha. Ukishindwa, vitufe vyake havifai, na vya kugusa kioo ndivyo vibaya zaidi. Kizime katikati ya hotuba ndefu ukiwashe tena: kinaanzia pale ulipoachia, au kinakurudisha mwanzo? Kwa mawaidha na vitabu vya kusikiliza hili ni kubwa kuliko GB zote. Kiwe na kufuli ya vitufe. Halafu gawa bajeti yako nusu kwa nusu, nusu eafoni, nusu kifaa.

Chaja ya simu ya ampea 2 itaunguza mp3 yangu? Na mbona chaja mpya ya mume wangu haiichaji kabisa? (Mbarara)

Haitaiunguza. Ikiwa chaja ni ya volti 5 na ni nzima, kifaa kinavuta umeme kinaoutaka tu. Hiyo ya mume wako nadhani kebo yake ina kichwa cha USB-C, kile kidogo kinachoingia upande wowote, pande zote mbili. Vifaa vingi vya bei nafuu vina tundu la USB-C lakini vimepunguziwa vile vipande viwili vidogo vinavyoiambia chaja itoe umeme, basi chaja inakaa kimya. Tumia kebo yenye kichwa kipana cha USB ya zamani upande wa chaja, itachaji.