Usilipe hiyo seti! Nenda kwanza na printa ya Kariakoo mkononi

Mleta uzi, simama hapohapo. Kama hela bado iko benki, iache ilale. Kama umeshatanguliza kidogo, shika risiti yako vizuri, unisome kwanza.

Nilikuwa nimeingia kuangalia wanasemaje kuhusu bei ya mchele, nikaukuta uzi wako. Unafungua minimaketi Mbezi, umeletewa "mfumo kamili" wa mauzo wa milioni 7: kompyuta, skana, printa ya risiti, mizani na droo ya hela, vyote vya kampuni moja, na programu yao haikubali kifaa cha mtu mwingine. Unauliza kama hiyo ni haki, kama wenye programu walazimishwe kupokea vifaa vya washindani wao, halafu kama wafanyakazi wawili watatosha, na kama uchukue intaneti ya laini au ya faiba. Ulipoandika "lakini si mbaya, angalau kila kitu kinatoka sehemu moja", chai ilinipalia. Hayo ni maneno yangu mimi. Nilimwambia mume wangu hivyohivyo Januari 2023, na mpaka leo akitaka kuninyamazisha hagombi, ananiuliza tu: "Mama, kila kitu bado kinatoka sehemu moja?"

Nina duka Tabata. Si supamaketi ya kuingia na gari, ni rafu nane na friji mbili, ila bidhaa zinapita 4,000. Kabla ya kuletewa maendeleo nilikuwa na kompyuta ya mtumba, skana mbili za Kariakoo, na printa ya risiti ambayo jina lake lilishafutika ubavuni. Sura havikuwa nayo, lakini vilikuwa vinaelewana. Skana ikifa asubuhi, mchana nimeshapata nyingine Mtaa wa Aggrey, nachomeka, tunaendelea.

Akaja kijana wa mauzo. Kanyoosha shati, kashika tableti, anaongea taratibu kama anakupa pole. Akanionyesha jinsi mizani inavyozungumza na kompyuta, mchele unapimwa na bei inatokea yenyewe. Nikamuuliza swali moja tu la maana siku ile: "Na vifaa vyangu hivi?" Akavitazama kama mtu anavyotazama kandambili msikitini, akasema, "Mama, mfumo hauvihitaji hivyo. Tena vinaweza kuleta virusi."

Virusi! Skana ya barkodi! Nilikuja kuelezwa baadaye na fundi, nikataka kulia: skana nyingi za USB, mbele ya kompyuta, ni kibodi tu. Unapopitisha unga wenye barkodi inayoanza na 620, skana inaziandika zile tarakimu kama wewe ungezibonyeza kwa vidole, kisha inabonyeza Enter. Basi. Hakuna uchawi. Na printa za risiti nazo, nyingi zinafuata amri zilezile zilizoanzishwa na Epson, ndiyo maana ya bei ndogo na ya bei kubwa zinachapa risiti ileile. Kwa hiyo programu ya duka ikikwambia "siijui hii printa", mara nyingi si kwamba haiijui. Imeagizwa isiisalimie.

Nililipa 6,400,000. Na hapa ndipo nataka unisikilize, maana kosa langu kubwa halikuwa kununua ile seti. Watu wananunua vitu vibaya kila siku na maisha yanaendelea. Kosa langu ni kwamba wiki ileile niliuza vya zamani. Skana mbili, printa, droo, na ile kompyuta, vyote kwa 250,000, nikaona nimepata na hela ya kununua keki. Nilichoma mtumbwi kabla sijajua kama ng'ambo kuna watu.

Miezi tisa kila kitu safi, nikawa natamba. Niliwaleta mpaka mashoga zangu wa kikoba waje kuona mizani. Oktoba printa ikagoma, kichwa cha kuchapia kimeungua. Napiga simu: mpya ni 780,000, na nisubiri wiki tatu ifike. Nikaenda Kariakoo, nikapata ya 170,000, karatasi upana uleule, waya uleule. Nachomeka. Kompyuta yenyewe inaiona, inachapa hata ukurasa wa majaribio. Nafungua programu ya mauzo: kifaa hakijaidhinishwa. Nikawapigia tena. Yule kijana wa kuongea taratibu safari hii alikuwa anaongea haraka: "Hiyo ni sera ya kampuni, mama, kwa usalama wako."

Usalama wangu upi? Nimekaa gizani na nani?

Sasa mimi, badala ya kuliona shimo, nikaamua kuliruka. Nikampata fundi, akaniambia kila kifaa cha USB kina namba za utambulisho, moja ya kampuni na moja ya kifaa chenyewe, na programu inakagua hizo namba mlangoni. Akaibadilisha printa ya 170,000 ijitambulishe kwa namba za ile ya 780,000. Elfu 60 ya fundi, nusu saa, risiti zikaanza kutoka. Nilimsifu yule fundi mpaka nikamnunulia soda. Nikaona nimemaliza mji.

Jumamosi, tarehe 23 Desemba 2023. Unaijua Tabata siku mbili kabla ya Krismasi? Watu wamejaa mpaka kwenye friji, mafuta ya kula yanaondoka kwa katoni, mtoto wa mtu amekalia gunia la sukari. Saa nne asubuhi programu ikajiapdeti yenyewe. Haikuuliza. Ikajifunga, ikafunguka, na printa yangu ya kujifanya ikaumbuka mbele ya umati. Isitoshe, kwa mfumo wao, bila printa iliyoidhinishwa mauzo hayafungwi, na mauzo yasipofungwa droo haifunguki. Hela yangu, ndani ya droo yangu, dukani kwangu, nimesimama, na ufunguo wake sikumbuki ulipo.

Nilimwita fundi, akaja na boda, akahangaika, nikamlipa elfu 60 nyingine, ikakataa. Ilibidi tuandike kwenye daftari. Mashine ya EFD namshukuru Mungu ilikuwa kivyake, kwa hiyo risiti za kodi nilizibonyeza kwa mkono moja baada ya nyingine huku foleni inaniambia maneno. Bei sikuzikumbuka, nani anakumbuka bei 4,000? Watu wakaacha vikapu chini wakavuka barabara kwa Mangi, mwenye kalkuleta na kalamu nyuma ya sikio, ambaye siku hiyo alikuwa ameendelea kiteknolojia kuliko mimi. Siku kama ile huwa nauza milioni 3 na zaidi. Niliuza 1,100,000. Jumapili ikawa vilevile. Januari kuhesabu mali, daftari linasema hivi, rafu zinasema vile, na sikuwa na wa kumlaumu.

Jumlisha mwenyewe, mimi nikijumlisha presha inapanda.

Huko nyumbani nilipokuwa nasimulia, mtoto wa kaka yangu anayesoma mambo ya kompyuta akaanza kucheka. Nikataka kumtoa nje. Akasema, "Shangazi, wewe umefanya ile ya Palm." Akanieleza: mwaka 2009 kampuni ya Palm ya Marekani ilitoa simu iitwayo Palm Pre. Ukiichomeka kwenye kompyuta, ilikuwa inaidanganya iTunes, programu ya nyimbo ya Apple, kwamba yenyewe ni iPod, kile kifaa cha Apple cha kusikilizia muziki, ili ipakiwe nyimbo. Simu ilitoka Juni. Julai Apple wakatoa iTunes 8.2.1, mlango ukafungwa. Siku chache tu Palm wakajibu kwa apdeti yao, mlango ukafunguka. Wakawa wanakimbizana hivyo. Palm wakaenda kushtaki kwa umoja unaosimamia USB, na huko wakaambiwa mwenye kosa ni wao, kwa kutumia namba ya utambulisho ya kampuni nyingine. Mwaka uliofuata Palm yenyewe ikanunuliwa na HP. Kampuni nzima, ina wahandisi, na mkuu wake alikuwa mtu aliyewahi kusimamia iPod hukohuko Apple, imeshindwa mchezo huu. Mimi na fundi wa elfu 60 tulijiona nani?

Ndiyo maana nakwambia usimsikilize mchangiaji aliyekujibu hapo juu kwamba "nunua tu, mafundi wa kubaipasi wapo". Wapo, ndiyo. Apdeti nazo zipo.

Na yule mwingine aliyeandika "mwenye nyumba ndiye anayeamua nani aingie", huyo naomba nimjibu kwa adabu kwa sababu nimeshaonywa na moderata mara moja. Ndugu yangu, nyumba nimenunua mimi. Aliyeniuzia kitasa ndiye anayeamua nani aingie kwangu?

Ninachokikubali ni hiki: kampuni haidaiwi kunitengenezea printa ya mtu mwingine. Nikichomeka kifaa cha ajabu kikaharibu, nisiwapigie simu saa tano usiku kudai msaada, hilo ni haki yao kabisa. Lakini kuacha kukusaidia na kukuwekea mguu uanguke ni vitu viwili. Kifaa kinafanya kazi, wao wanakaa kuandika programu ya kukizuia, halafu wanakiita usalama. Apple nao huko Ulaya walijitetea kwa usalama na faragha, na bado Machi 2025 Kamisheni ya Ulaya iliwaelekeza kufungua sehemu za iPhone ili saa na visikilizio vya kampuni nyingine viweze kuungana nayo vizuri. Kwa hiyo swali lako la walazimishwe au wasilazimishwe, mimi nasema walazimishwe, angalau wasiruhusiwe kuzuia kinachofanya kazi.

Tena hapa kwetu tusijifanye hatujawahi kuyaona. Mmesahau pesa za simu kabla ya 2014? Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, anapata ujumbe wenye namba ya siri, anatafuta wakala wa mtandao wako aende kuitoa. Shangazi yangu alikuwa na simu tatu kwenye pochi, kila moja ina hela ya vocha. Kisha Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana kutumiana, Vodacom wakaingia 2016, na nani alifilisika? Leo mteja analipa kwa mtandao anaoutaka na mimi napokea kwa ninaoutaka, hatuulizani. Kinyume chake ni ving'amuzi. Tangu mitambo ya analojia izimwe Dar usiku wa mwisho wa 2012, kila kampuni ina boksi lake, ukihama unahama na boksi. Mimi ninavyo vitatu juu ya kabati, nafikiria kuvipandia maua.

Basi sikiliza ninalokuambia, hata ukisahau mengine yote. Kabla shilingi haijatoka, nenda ofisini kwao umeshika kifaa cha mpinzani. Usiulize "je, inakubali?" Ukiuliza utaambiwa inakubali. Chomeka. Mbele yao, kwenye kompyuta yao, kwa programu wanayotaka kukuuzia. Risiti itoke, uishike kwa mkono. Chukua na skana ya bei rahisi kuliko zote, pitisha sabuni, uone jina la sabuni linatokea. Wakianza kusema "kwa leo mtaalamu hayupo", mshukuru Mungu, aga, ondoka. Hiyo ndiyo sheria yangu, na siku hizi naifanya kwa kila kitu. Mwaka jana nilimpelekea mwenye duka la saa simu ya mume wangu, si yangu, kwa sababu ile saa aliyotaka tumnunulie inakubali iPhone tu na yeye hana. Mume wangu aliona namwaibisha. Bora aibu ya dakika tano.

Na omba waitoe orodha ya bidhaa kwenye faili la kawaida ukiwa umesimama hapo. Mimi nilipoondoka waliniambia kunitolea bidhaa zangu mwenyewe ni 900,000. Binti wa dukani alizinakili moja moja, kwa muda wa usiku kumi na mmoja, na mimi namchemshia kahawa. Hilo sitalisemea zaidi, moderata yuko macho.

Ya intaneti na wafanyakazi nitarudi kukujibu.

Wewe uko Mbezi, mimi Tabata, si mbali. Ile printa ya 170,000 ninayo, ndiyo ninayotumia sasa na programu nyingine inayokubali chochote, lakini Jumapili baada ya saa kumi huwa nafunga. Nitumie PM, uje uichukue, Jumatatu asubuhi ukawachomekee. Waya wake nimeufunga kwa raba nyekundu, usije ukauacha huko ofisini kwao. Na uirudishe kabla ya saa sita, mchana watu wa ofisini wanakuja kununua maji.