Maswali Yenu: Great Dane, Bili Zake na Maradhi Yake

Nimeahidiwa mtoto wa mbwa wa aina ya Great Dane, bure kabisa. Sasa nina mbwa wa kienyeji wa kilo 20 ambaye hanisumbui. Huyu mkubwa atanigharimu kiasi gani zaidi? (Msomaji, Arusha)

Bure ni siku ya kumchukua tu. Dume aliyekomaa hufika kilo 63 hadi 79, jike 50 hadi 63. Tuchukue kilo 60.

Chakula hakitakushtua sana. Mbwa huyu anahitaji takribani kalori 2,400 kwa siku, na wako wa sasa kama 1,060. Kwa chakula kikavu chenye kalori 3,500 kwa kilo, hiyo ni gramu 690 kwa 300, yaani kilo 21 kwa mwezi wakati mwenzake anakula 9. Uzito mara tatu, chakula mara mbili na ushei.

Dawa ndizo zisizo na huruma, maana hupimwa kwa kilo. Vidonge vya minyoo vya kimoja kwa kilo 10 vitakuwa sita badala ya viwili, kila unapompa. Vidonge vya kutafuna vya kupe, daraja la juu huishia kilo 56 au 60, kwa hiyo dume la kilo 75 humezeshwa viwili kwa mpigo. Akipata ehrlichia, ugonjwa wa kupe uliozagaa huku kwetu, daktari akimwandikia doksisaiklini ya miligramu 10 kwa kilo kila siku kwa siku 28, hizo ni kapsuli 168 za miligramu 100. Wako wa kienyeji angemaliza 56. Bei ya dukani kwako unaijua, zidisha mwenyewe. Chanjo, kama ya kichaa cha mbwa, ndizo hazijali ukubwa: dozi ni moja kwa wote.

Hesabu na godoro nene lililovalishwa turubai. Mbwa mzito akilala kwenye saruji tupu, viwiko huota uvimbe wa majimaji unaorudi hata ukikamuliwa.

Shikamoo daktari. Mtoto wangu wa Great Dane ana miezi minne. Namlisha ugali na dagaa, na muuza dawa za mifugo alinishauri nimwekee kijiko cha unga wa mifupa kila siku. Miguu ya mbele imeanza kupinda. Niongeze kijiko? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba. Usiongeze, na hicho kimoja acha leo. Kabla ya miezi sita, utumbo wa mtoto wa mbwa haujui kukataa kalsiamu iliyozidi; nyingi huingia mwilini, gegedu inachelewa kugeuka mfupa, viungo vinavimba. Dagaa mzima ana mifupa yake tayari. Ugali mtupu nao una kalsiamu ndogo mno, kwa hiyo kubahatisha kunaumiza pande zote mbili.

Mtafutie chakula kilichotengenezwa kwa watoto wa mbwa wakubwa, chenye kalsiamu isiyozidi asilimia 1.8 ya uzito mkavu (yaani bila kuhesabu maji), na usimchanganyie kitu. Abaki mwembamba: mbavu uzihisi kwa kupapasa, bila kubonyeza. Kumnenepesha hakumwongezei kimo, kunamfikisha kwenye kimo kilekile upesi, nyonga zikiwa zimeharibika. Apigwe eksirei wiki hii, kwani mfupa unaokua vibaya hurekebishika kwa muda mfupi tu. Kukimbizwa nyuma ya baiskeli kusubiri hadi miezi 18.

Na mahindi yaliyoota ukungu, ambayo wengi huona "yanamfaa mbwa", yatupwe. Sumukuvu huharibu ini la mbwa kama la mtu.

Mbwa wa jirani alikufa usiku mmoja, tumbo limejaa kama ngoma. Alilishwa sumu? (Msomaji, Mombasa)

Kama alikuwa na kifua kirefu chembamba, tungelishuku tumbo lenyewe kwanza. Hujaa hewa, kisha hujisokota. Tundu la kuingilia na la kutokea yote hufungwa, damu haipiti, na ndani ya saa chache mbwa amekwisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walikadiria kwamba Great Dane wanne katika kila kumi hupatwa na balaa hili maishani.

Dalili kuu: anajikakamua kutapika na hakitoki kitu ila mate na povu. Hatulii, ubavu umetutumka, fizi zimepauka. Usimpe maziwa, mafuta wala dawa ya gesi. Mpigie daktari ukiwa njiani, uulize kama anaweza kupasua usiku huohuo. Asipoweza, pitiliza kwa anayeweza. Ndiyo maana namba hiyo itafutwe kabla mbwa hajaletwa nyumbani.

Kinga yake ni kushona tumbo kwenye ukuta wa kulia wa mwili, mara nyingi wakati wa kumhasi, chini ya nusukaputi ileile. Kushona huko hakutazuia gesi, kutazuia kujisokota. Mlishe mara mbili au tatu kwa siku, bakuli likae chini sakafuni. Anayefakamia, mwekee ndani ya bakuli jiwe safi lisiloweza kuingia kinywani.

Wanaishi miaka mingapi? (Msomaji, Kisumu)

Saba hadi kumi. Moyo uliotanuka na saratani ya mifupa huwachukua wengi. Zeus wa Michigan, aliyepimwa sentimita 111.8 begani na kuwa mbwa mrefu kuliko wote waliowahi kurekodiwa, alikufa mwaka 2014 akiwa na miaka mitano. Kuanzia umri huohuo, moyo usikilizwe kila mwaka, na akichechemea zaidi ya wiki moja usimlaumu mwiba: apigwe eksirei.