Maswali Yenu ya Jikoni: Donati za Kuoka Zilizo Nyepesi

SWALI: Shikamoo, mama. Mume wangu ameshauriwa na daktari apunguze vyakula vya mafuta, kwa hiyo nimeacha kukaanga donati na sasa ninazioka katika oveni ya umeme. Zinatoka nzito na kavu kama mkate uliolala, na watoto wanaziacha nusu. Vipimo ni vilevile nilivyotumia siku zote nilipokuwa nikikaanga. Ninakosea wapi? (Msomaji wa Njiro, Arusha)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tatizo limo katika hivyo vipimo vilivyobaki vilevile. Mafuta yenye nyuzijoto 180 huigusa donati moja kwa moja na kuiivisha upesi, kabla maji yaliyomo hayajapotea. Hewa ya oveni hupeleka moto polepole, na wakati katikati panatafuta kuiva, nje panazidi kukauka. Kwa sababu hiyo donge la kuoka linahitaji maziwa mengi kuliko la kukaanga, na lisikae ndani ya oveni hata dakika moja zaidi ya inayohitajika.

Ninahisi pia kwamba unaongeza unga unapokanda. Wengi wetu tulifundishwa kukanda maandazi kwa kunyunyiza unga kila donge linaponata, na mwisho wa kukanda unga ulioongezeka ni mwingi kuliko tunavyodhani. Kwa donati za kuoka, nakusihi uuweke mbali mfuko wa unga. Donge litang'ang'ania vidole mwanzoni, lakini ukiendelea kulikanda kwa dakika 10 hadi 15, gluteni, yaani protini ya ngano, itashikana, nalo litaanza kujibandua lenyewe. Kata kipande kidogo ukivute kwa vidole vya mikono yote miwili: kikitanuka kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika, donge limekubali. Mikono ikikusumbua, ipake mafuta kidogo.

Ipo njia ninayoipenda ya kuongeza maziwa bila donge kuwa rojo, nayo ni kupika uji kwanza. Chukua gramu 30 za unga wa ngano kutoka katika gramu 500 ulizopima, uukoroge katika mililita 150 za maziwa baridi, kisha upike kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka mwiko uache njia chini ya sufuria. Wanga uliopikwa namna hii hushika maji na hauyaachii kwa urahisi wakati wa kuoka, na ndiyo sababu donati hubaki laini hata kesho yake. Uji ukishapoa na kuwa vuguvugu, changanya na unga uliobaki, mililita 180 za maziwa vuguvugu, yai 1, gramu 60 za sukari, vijiko 2 vya chai vya hamira visivyo na kilima, chumvi kidogo na iliki ukipenda. Siagi, gramu 50 tu, iingie mwishoni donge likiwa limeshaanza kushikana, kwa sababu ikitangulia huchelewesha gluteni.

Hamira nimeipunguza kwa makusudi. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko Tanga au Dar es Salaam, hivyo gesi ya hamira hutanuka zaidi, na donge lililopitiliza kuumuka hunywea likiingia kwenye moto. Baridi ya Juni na Julai, kwa upande wake, huichelewesha hamira. Kwa hiyo usiiamini saa. Donge liumuke mpaka liwe maradufu, kisha ulisukume unene wa sentimita 1.5, ukate kwa glasi na kifuniko cha chupa kwa kugandamiza bila kuzungusha, na uziache donati ziumuke tena. Zibonyeze taratibu kwa kidole: alama ikirudi polepole na kubaki kidogo, zimefikia; ikirudi yote mara moja, bado.

Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzijoto 200. Oka kwa dakika 8 hadi 10, uzitoe zikiwa na rangi ya dhahabu hafifu, kwa maana ukisubiri wekundu wa donati za kukaanga utakuwa umeshazikausha. Zipake siagi kidogo zingali moto na uzifunike kwa kitambaa safi, ili mvuke wake ulainishe ngozi ya juu.

SWALI: Mimi sina oveni. Je, ninaweza kuoka donati kwa sufuria na mkaa? (Msomaji wa Majengo, Moshi)

JIBU: Unaweza, ndugu yangu. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa na nzito, uifunike na kuipasha moto vizuri kabla ya kuweka donati, na trei iinuliwe kwa mawe madogo ili isiguse mchanga. Makaa ya juu ya mfuniko yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo zitaungua chini huku juu zikibaki nyeupe. Oka chache kwa wakati mmoja, usifunue kabla ya dakika 8, na jiko likae nje au mahali penye hewa ya kutosha. Kwa kuwa Moshi ni chini na kuna joto kuliko Arusha, anza kulikagua donge mapema.