Saa za kupima mapigo kwa watu wa chenso: kwanza muulizeni bosi suruali ziko wapi

Mkuu, umeuliza kama saa ambazo bosi wenu anataka kuwanunulia, zile za kupima mapigo ya moyo na kutuma taarifa mtu akianguka, zitawafaa watu wa chenso, yaani msumeno wa injini wenye mnyororo, huko Mufindi. Nimeangusha miti ya paini katika msitu wa Sao Hill miaka 14. Zitafaa, ila suruali za kinga zije kwanza, na sheria ya usalama kazini ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga.

Mwaka wangu wa sita niliteleza nikipunguza matawi, mnyororo ukashukia paja la kushoto. Nilikuwa nimevaa suruali ya kinga, ambayo ina tabaka za nyuzi ndefu ndani. Mnyororo ukichana kitambaa cha juu unazivuta, zinajisokota kwenye gia na mashine inakwama. Nilipofungua kifuniko nikakuta gia imejaa nyuzi nyeupe kama sufi. Pajani palikuwa na alama nyekundu tu. Nilikaa juu ya gogo nikalia. Soma lebo kabla ya kununua: daraja la 1 limepimwa kwa mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde, la 2 mita 24, la 3 mita 28. Ikishachanwa na mnyororo haishonwi, inatupwa.

Masikio nayo. Chenso hupita desibeli 100, na kwa kipimo kinachoruhusu desibeli 85 kwa saa 8, kila zikiongezeka 3 muda hukatwa nusu, kwa hiyo kwenye 100 una robo saa tu. Sisi tulikuwa tunavua vifuniko vya masikio ili tumsikie mwenzetu akipiga ukelele kwamba mti unashuka. Siku hizi vipo vyenye maikrofoni, vinapitisha sauti ya mtu na kuzuia muungurumo, vingine vina redio ndani. Hivyo ningevinunua kabla ya saa. Sikio langu la kulia limeshakwenda. Mke wangu akitaka kuniambia jambo huzunguka upande wa kushoto.

Sasa hizo saa. Mwenzetu alipigwa na tawi kavu lililokuwa limening'inia, yuko peke yake bondeni, mtandao hakuna. Tulimpata karibu saa mbili baadaye, baada ya kugundua kwamba hakuja kunywa chai. Alipona, lakini anachechemea hadi leo. Saa ingejua ameanguka, ila ingemwambia nani? Nyingi hutegemea simu, na simu hutegemea mnara. Kwenye mabonde yale ombeni kifaa cha setilaiti, mfano Garmin inReach, kinachotumia setilaiti za Iridium. Halafu muulizeni bosi nani atapokea taarifa na gari litakuwa wapi.

Mapigo yanayopimwa mkononi huvurugwa na mtetemo. Mkanda wa kifuani unasoma vizuri zaidi. Kubalianeni mapema nani ataona vipimo hivyo, mtu asije akaachishwa kazi kwa sababu ya moyo wake.

Mtetemo wenyewe ni balaa jingine. Juni na Julai, ukungu ukishashuka, vidole vyangu viwili hugeuka vyeupe kama vimetiwa unga, na kufunga kifungo cha shati siwezi. Vipo vifaa vya kuvaa mkononi vinavyohesabu mtetemo wa siku nzima, na hivyo ningependa vijana mvipate. Kwa leo, kagua mipira ya kuzuia mtetemo kwenye mpini wa chenso yako. Ikiwa imelegea, fundi aibadilishe kabla baridi haijaingia.