Mzazi kakosa choo, sasa anaharisha: usikimbilie dawa ya kuzuia

Mkuu, umesema mama ana miaka 78, yuko Mpwapwa, alikosa choo karibu wiki nzima, na sasa anachafua nguo kwa majimaji ndiyo maana unataka kumnunulia dawa ya kuzuia kuharisha. Usimpe kwanza. Kwa wazee kinyesi kikavu huweza kuziba huko chini, halafu majimaji ya juu yanapenya pembeni na kuvuja. Ukiyazuia unazidi kukaza. Baba mkwe wangu hapa Chamwino alikuwa hivyohivyo. Nesi alivaa glavu, akapima kwa kidole, akakuta donge gumu kama jiwe. Akapigwa enema (dawa ya maji inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa), na jioni mzee akaomba uji mwenyewe. Mama naye apelekwe apimwe. Akitapika, tumbo likajaa na hata ushuzi hautoki, au ukiona damu, usingoje kupambazuke.

Halafu kagua mfuko wake wa dawa. Mzee wetu alikuwa anameza vidonge vya kuongeza damu na tramadoli, dawa ya maumivu ya magoti, na vyote viwili hufunga choo. Msimwachishe wenyewe, bebeni vyote daktari avione pamoja. Wetu alipunguziwa tramadoli, akaandikiwa laktulosi, dawa ya kulainisha choo. Hiyo huchukua siku mbili tatu kufanya kazi, kwa hiyo msiikatie tamaa kesho yake.

Ila kwetu kiini kilikuwa maji. Choo kiko nyuma ya nyumba, usiku giza, magoti yanagoma, basi ikifika jioni mzee hagusi kikombe. Na kiangazi cha huku mnakijua! Kumsema hakukusaidia kitu. Shemeji alikata tundu kwenye kiti cha plastiki, chini ikakaa ndoo yenye mfuniko, vyote chumbani kwake. Akaanza kunywa bila kusukumwa. (Mwenye shida ya moyo au figo aulize kwanza kiasi cha maji.)

Chakula mnacho hapo hapo: ugali wa uwele au dona badala ya sembe, mlenda, maharage, ubuyu. Ongezeni kidogo kidogo pamoja na maji, maana makapi makavu bila maji yanazidi kuziba.

Asubuhi akishakunywa uji, utumbo ndipo unapoamka. Akae kama dakika kumi, miguu juu ya kigoda, asiharakishwe. Na wajukuu wasisimame mlangoni kuuliza kama tayari.

Akishapimwa, tuletee hapa majina ya dawa zake za presha, zipo nazo zinazofunga.